Siku Kama ya Leo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Waliozaliwa na Yaliyotokea Tarehe Moja

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara watu wanapopekua orodha za "siku kama ya leo": nani alizaliwa, nani alifariki, nini kilitokea. Ya msingi yametangulia, yale ya kukuna kichwa yako mwishoni. Kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma lile la tarehe 13 Aprili, kwa sababu linagusa mengi yanayofuata.

## Mambo ya msingi

"Siku kama ya leo" maana yake nini hasa?

Ni siku na mwezi ule ule, mwaka wowote. Anayesema Thomas Jefferson, rais wa zamani wa Marekani, na Julius Nyerere wamezaliwa siku moja ana maana kwamba wote wawili wameandikwa 13 Aprili, mmoja mwaka 1743 na mwingine 1922.

Kuna maana nyingine iliyo finyu zaidi: siku, mwezi na mwaka vyote kwa pamoja. Charles Darwin na Abraham Lincoln walizaliwa 12 Februari 1809, mmoja Shrewsbury, Uingereza, na mwingine Kentucky, Marekani. Hawa ni marika kamili. Orodha nyingi huchanganya aina hizi mbili bila kusema, kwa hiyo tazama mwaka kabla hujaanza kushangaa.

Nitajuaje ni nani maarufu aliyezaliwa tarehe moja na mimi?

Wikipedia ya Kiswahili ina ukurasa kwa kila siku ya mwaka, wenye sehemu za matukio, waliozaliwa na waliofariki. Anzia hapo. Ukishapata jina, fungua makala ya mtu mwenyewe uone kama tarehe inalingana, kisha tafuta chanzo kingine kisichonakili kutoka hapo. Makosa mengi ya tarehe huzaliwa na mtu mmoja aliyekosea na wengine mia wakamwiga.

Jambo moja la kukumbuka: orodha hizi zimejaa watu wa Ulaya na Marekani, wanaume kwa wingi, kwa sababu huko ndiko vitabu vya kumbukumbu vilikowekwa mapema na kutunzwa. Kwamba huoni Mwafrika au mwanamke kwenye tarehe yako hakuna maana kwamba hakuwapo. Watafute kwa majina yao. Wangari Maathai ni wa 1 Aprili 1940, Miriam Makeba ni wa 4 Machi 1932, na yeyote anaweza kuwaongeza kwenye orodha ambayo haijawataja.

Je, ni ajabu mtu kuzaliwa tarehe moja na mtu mashuhuri?

Hapana. Watu duniani wamepita bilioni 8. Ukiwagawa kwa siku za mwaka, kila tarehe inapata zaidi ya watu milioni 21 walio hai, na waliokwisha kufa ni wengi zaidi. Ajabu ingekuwa kukosa.

Hata katika kundi dogo mambo ni hivyo hivyo. Wakiwa watu 23 chumbani, uwezekano wa angalau wawili kuzaliwa tarehe moja unapita nusu kidogo, kama asilimia 50.7. Wakifika 50, ni asilimia 97. Watu hawaamini kwa sababu kila mmoja anafikiria tarehe yake peke yake, ilhali watu 23 wanaunda jozi 253 za kulinganisha. Ukitaka mtu wa kufanana na tarehe yako wewe hasa, mambo yanabadilika: unahitaji watu wengine 253 ili uwezekano upite nusu. Na ukitaka uhakika kabisa kwamba wapo wawili wa tarehe moja, unahitaji watu 367, kwa sababu ya 29 Februari.

Watu waliozaliwa siku moja wana tabia au bahati zinazofanana?

Darwin na Lincoln wanatosha kujibu. Siku ile ile, mwaka ule ule. Mmoja mtoto wa daktari tajiri, mwingine amezaliwa kwenye kibanda cha magogo. Mmoja aliishi maisha ya utulivu akichunguza wanyama na mimea, mwingine aliongoza nchi vitani na akapigwa risasi mwaka 1865. Ndiyo, wote wawili waliuchukia utumwa, lakini hilo lilikuwa suala kubwa la karne yao, na mamilioni ya watu wa tarehe nyingine waliuchukia vilevile. Zinazowaunganisha watu ni zama walizoishi. Tarehe haina nguvu hiyo.

## Siku moja ikitazamwa kwa karibu

Naomba mfano wa tarehe moja iliyochambuliwa vizuri.

Tuchukue 13 Aprili. Maingizo manne, na kila moja linafundisha jambo lake.

*1743.* Thomas Jefferson anazaliwa Virginia. Lakini watu wa Virginia siku hiyo waliiita 2 Aprili, kwa kuwa Uingereza na makoloni yake yalikuwa bado yanafuata kalenda ya Juliasi, iliyokuwa nyuma ya kalenda tunayotumia leo kwa siku 11. Jefferson alipokuwa kijana wa miaka tisa kalenda ikabadilishwa, na tarehe yake ikasogezwa hadi 13. Nenda kaburini kwake Monticello: jiwe limechongwa 2 Aprili 1743, pamoja na herufi mbili za kuonyesha kwamba hiyo ni hesabu ya kalenda ya zamani. Orodha inasema 13, kaburi linasema 2, na vyote viwili ni kweli.

*1919.* Huko Amritsar, Punjab, wanajeshi waliokuwa chini ya Reginald Dyer wanaufyatulia risasi umati uliokusanyika Jallianwala Bagh, uwanja uliozungushiwa kuta na wenye njia chache nyembamba za kutokea. Serikali ya kikoloni ilihesabu watu 379 waliouawa. Wahindi walisema ni wengi kuliko hao. Tarehe hapa si pambo. Ilikuwa sikukuu ya Baisakhi, watu wa vijijini walikuwa wamemiminika mjini, na wengi hawakujua kwamba mikusanyiko imepigwa marufuku. Ingekuwa siku ya kawaida, uwanja usingejaa vile.

*1922.* Julius Kambarage Nyerere anazaliwa Butiama. Inasimuliwa kwamba mvua kubwa ilinyesha siku hiyo, ndiyo maana akapewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua. Hapa kalenda haina ubishi, na juu ya tarehe tumebakiwa na hali ya hewa ya siku yenyewe. Ni nadra sana kupata kitu kama hicho kwa mtu aliyezaliwa mbali na ofisi za kuandikisha watoto.

*1970.* Tangi la oksijeni linalipuka ndani ya chombo cha anga cha Apollo 13, na James Lovell, Jack Swigert na Fred Haise wanaanza safari ya kupigania uhai. Kwa saa za Houston ilikuwa saa 3:08 usiku, tarehe 13. Kwa saa za Greenwich ilikuwa saa 9:08 usiku, na tarehe ilikwisha kuwa 14 Aprili.

Kwa hiyo katika maingizo manne, moja linategemea kalenda, moja linategemea saa, moja lina sababu ya kutokea siku ile, na moja limetulia. Ukichambua tarehe yoyote utakuta mchanganyiko wa namna hiyo.

## Sadfa au makusudi?

Mbona nchi nyingi zina matukio mawili makubwa tarehe ile ile?

Kwa sababu watawala huchagua. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961 na ikawa jamhuri 9 Desemba 1962. Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963 na ikawa jamhuri 12 Desemba 1964. India ilianza kuwa jamhuri 26 Januari 1950 kwa sababu 26 Januari 1930 ndiyo siku ambayo chama cha Congress kilitangaza nia ya kupata uhuru kamili.

Napoleon alijitawaza 2 Desemba 1804 na mwaka uliofuata, tarehe hiyo hiyo, akashinda vita vya Austerlitz. Mtoto wa mdogo wake, Louis-Napoleon, alipofanya mapinduzi mwaka 1851 alichagua 2 Desemba ili watu wamkumbuke baba yake mkubwa. Tukio la kwanza linapokuwa kubwa, wanaokuja baadaye huigombea siku yake.

Ni kweli kwamba uhuru wa India una uhusiano na Japani?

Ndiyo. Mfalme Hirohito wa Japani alitangaza redioni kusalimu amri 15 Agosti 1945. Louis Mountbatten, aliyekuwa kamanda wa majeshi ya washirika Asia ya Kusini-Mashariki, ndiye aliyepelekwa India kukabidhi madaraka, naye alieleza baadaye kwamba aliipenda 15 Agosti 1947 kwa kuwa ilikuwa kumbukumbu ya pili ya siku hiyo. Korea Kusini nayo ilitangaza jamhuri yake 15 Agosti 1948, kwa sababu kwake siku ile ilikuwa mwisho wa utawala wa Wajapani. Pakistani huadhimisha 14 Agosti.

Jamhuri ya Kongo, ile ya Brazzaville, nayo ilipata uhuru 15 Agosti 1960, lakini haimo katika mnyororo huu wa Japani. Kuwa kwenye orodha moja si kuwa kwenye hadithi moja.

Kwa nini 9 Novemba inatajwa sana katika historia ya Ujerumani?

Hii ndiyo tarehe ninayoipendekeza kwa yeyote anayetaka kuona sadfa na makusudi vikisukana ndani ya siku moja.

Tarehe 9 Novemba 1918 ilitangazwa kwamba Kaiser (mfalme) Wilhelm II ameachia kiti, na jamhuri ikatangazwa Berlin. Kwa watu wa mrengo wa kulia, siku hiyo ikawa alama ya usaliti. Miaka mitano baadaye, Novemba 1923, Adolf Hitler alijaribu kupindua serikali kutokea Munich; jaribio lilianza usiku wa tarehe 8 na likasambaratishwa kwa risasi mchana wa tarehe 9. Wanazi waliposhika madaraka wakaifanya 9 Novemba kuwa siku ya kuwakumbuka wenzao waliokufa katika maandamano yale.

Sasa angalia 1938. Viongozi wa Wanazi walikuwa wamekusanyika Munich kwa ajili ya kumbukumbu hiyo hiyo ilipofika habari kwamba mwanadiplomasia wa Kijerumani aliyepigwa risasi Paris na kijana Myahudi amefariki. Joseph Goebbels akahutubia palepale, na usiku huo masinagogi yakachomwa, maduka yakavunjwa na Wayahudi wakauawa nchi nzima. Wakuu wote wa chama walikuwa wamekutana mahali pamoja kwa sababu ya tarehe. Yaliyotokea 1938 yaliletwa na kumbukumbu ya 1923.

Mwaka 1989 ni habari nyingine. Jioni ya 9 Novemba, Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, aliwasomea waandishi kanuni mpya za kusafiri ng'ambo. Akaulizwa zinaanza lini. Akapekua karatasi zake na kujibu kwamba, kadiri ajuavyo, zinaanza mara moja. Zilikuwa zianze kesho yake. Watu wakaenda ukutani kwa maelfu, walinzi wakazidiwa, milango ikafunguliwa. Kama Schabowski angelisoma maagizo yake sawasawa, Ukuta wa Berlin huenda ungefunguka tarehe 10.

Ujerumani ilipoungana, wapo waliotaka 9 Novemba iwe sikukuu ya taifa. Kivuli cha 1938 kilizuia. Sikukuu ikawa 3 Oktoba, siku ya muungano wenyewe mwaka 1990.

Je, ni kweli marais wawili wa Marekani walikufa siku moja, tena siku ya uhuru?

Kweli, na ni watatu ukihesabu wote. John Adams, mwenye miaka 90, na Thomas Jefferson, mwenye miaka 83, walifariki 4 Julai 1826, siku ambayo Azimio la Uhuru lilitimiza miaka 50. Jefferson alitangulia mchana huko Virginia. Adams akafuata jioni huko Massachusetts, bila kujua kwamba rafiki yake amekwishaondoka. James Monroe alifariki 4 Julai 1831. Upande wa kuzaliwa, Calvin Coolidge ni wa 4 Julai 1872.

Wengi huamini kwamba wazee wale wawili walijikaza hadi siku ifike. Jefferson alikuwa akiulizia usiku wa kuamkia tarehe 4 kama siku imeingia, kwa hiyo hamu alikuwa nayo. Kwamba hamu yaweza kuahirisha kifo, hilo halijathibitishwa.

Safari ya kwanza ya mtu angani na ya chombo cha anga cha Columbia cha Marekani zilipangwa siku moja?

Hapana. Yuri Gagarin aliruka 12 Aprili 1961. Columbia ilikuwa iruke 10 Aprili 1981, kompyuta zake zikashindwa kuoanisha muda, safari ikaahirishwa kwa siku mbili na ikaangukia miaka 20 kamili baada ya Gagarin. Sadfa tupu.

## Tarehe zinapogongana

Isaac Newton alizaliwa 25 Desemba 1642 au 4 Januari 1643?

Ni siku moja kwa kalenda mbili. Kalenda ya Juliasi ilikuwa na mwaka mrefu (wa siku 366) kila baada ya miaka minne bila kuruka, na hivyo ilikuwa ikichelewa kidogo kidogo kulifuata jua. Papa Gregori XIII aliirekebisha mwaka 1582: baada ya Alhamisi 4 Oktoba ikaja Ijumaa 15 Oktoba. Italia, Hispania na Ureno zilifuata mara moja. Uingereza ilikawia hadi 1752, Urusi hadi 1918, Ugiriki hadi 1923. Newton alizaliwa Uingereza katikati ya huo muda, tofauti ikiwa siku 10.

Hapa ndipo linapovunjika dai linalopendwa sana, kwamba Newton alizaliwa mwaka aliokufa Galileo. Galileo alifariki 8 Januari 1642 kwa kalenda mpya iliyotumika Italia. Kwa kalenda hiyo hiyo, Newton ni wa Januari 1643. Dai linasimama tu ukichukua mmoja kwa kalenda mpya na mwingine kwa ya zamani. La Stephen Hawking ni salama: alizaliwa 8 Januari 1942, miaka 300 kamili baada ya kifo cha Galileo.

Na waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania, hawakufa siku moja?

Hawakufa siku moja, ingawa 23 Aprili 1616 imeandikwa kwa wote wawili. Hispania ilikuwa kwenye kalenda mpya na Uingereza kwenye ya zamani. 23 Aprili ya Uingereza ilikuwa 3 Mei ya Hispania. Isitoshe, Cervantes inaelekea alifariki tarehe 22 na kuzikwa 23. Hata hivyo UNESCO iliichagua 23 Aprili kuwa Siku ya Vitabu Duniani mwaka 1995, na haina haja ya kubadilishwa. Ni siku ya kuwakumbuka, na kwa kuwakumbuka inafaa kabisa.

Kwa nini Mapinduzi ya Oktoba yaliadhimishwa Novemba?

Sababu ni ile ile. Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, walichukua madaraka 25 Oktoba 1917 kwa kalenda ya Urusi, yaani 7 Novemba kwa kalenda ya Gregori. Kufikia karne ya 20 tofauti ilikuwa imefika siku 13. Mapinduzi ya Februari ya mwaka huo huo nayo yalianza 8 Machi kwa kalenda mpya, wanawake wa Petrograd walipoandamana wakidai mkate. Ndiyo siku ile ile tunayoijua leo kama Siku ya Wanawake Duniani.

Mbona George Washington anabadilika hata mwaka?

Kwa sababu Uingereza ya zamani ilianza mwaka mpya 25 Machi. Mtoto aliyezaliwa Februari aliandikwa bado yuko mwaka uliopita. Washington aliandikwa 11 Februari 1731, na kwa hesabu ya sasa ni 22 Februari 1732.

Basi niandike tarehe ipi?

Andika ile ya kalenda ya sasa kwenye orodha, kisha taja ya zamani pembeni kwa yeyote aliyezaliwa katika nchi iliyokuwa haijabadili. Kwa matukio ya kabla ya 15 Oktoba 1582, acha tarehe ya Juliasi kama ilivyo, ndivyo wanahistoria wanavyofanya. Usibadilishe kimyakimya, maana atakayekuja baada yako ataibadilisha tena, na mtu atasogea siku 20 badala ya 10.

Tukio moja linawezaje kuwa na tarehe mbili wakati kalenda ni moja?

Kwa sababu ya saa. Hati ya Ujerumani kusalimu amri ilitiwa sahihi Berlin usiku wa 8 Mei 1945. Moscow saa sita ya usiku ilikwisha kupita, kwa hiyo Ulaya Magharibi husherehekea tarehe 8 na Urusi tarehe 9. Japani ilishambulia Pearl Harbor asubuhi ya 7 Desemba 1941 kwa saa za Hawaii, ambayo kwa Wajapani ilikuwa 8 Desemba.

Chombo cha Apollo 11 kilitua mwezini 20 Julai 1969 saa 2:17 usiku kwa saa za Greenwich. Neil Armstrong alikanyaga udongo saa 8:56 usiku, tarehe 21. Marekani ilikuwa bado 20. Kanuni nzuri ni kufuata saa za mahali tukio lilipotokea, na kwa mambo ya angani kutaja saa za Greenwich.

Tarehe za Kiislamu na za Kihabeshi zinaingiaje kwenye orodha hizi?

Kwa kubadilishwa, na ubadilishaji huwa na mwanya. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hivyo Maulidi na Ramadhani husogea nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka wa Gregori. Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Kilwa mwaka 1331, alizaliwa Tangier 17 Rajabu 703. Vitabu vingine huandika 24 Februari 1304, vingine 25. Siku ya Kiislamu huanza jua linapotua, na mwezi huandama kwa kuonekana, ndiyo maana siku moja huyumba. Ukiona tofauti ya siku moja kwa mwanachuoni wa zamani, usimtuhumu mwandishi kwamba amekosea.

Kalenda ya Ethiopia ina miezi 13 na iko nyuma ya Gregori kwa miaka saba au nane. Mwaka mpya wake huwa 11 Septemba, au 12 ikiwa mwaka wa Gregori unaofuata ni mrefu. Haile Selassie aliondolewa madarakani 12 Septemba 1974, na kwa Waethiopia hiyo ni siku ya pili ya mwaka 1967.

## Kumbukumbu za kuzaliwa

Kwa watu wa zamani, tarehe hutoka wapi?

Mara nyingi kwenye daftari la ubatizo. Beethoven alibatizwa 17 Desemba 1770, na kwa desturi ya wakati huo tunakisia alizaliwa siku moja kabla. Shakespeare alibatizwa 26 Aprili 1564. Tarehe 23 ni makisio, na pengine imependwa kwa sababu inalingana na siku yake ya kufariki.

Mtu anaweza kukosea siku yake mwenyewe ya kuzaliwa?

Anaweza, tena kwa maisha yake yote. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta, alisema alizaliwa 4 Julai 1900, na dunia ikamwimbia siku hiyo hadi kifo chake mwaka 1971. Katika miaka ya 1980 ikapatikana kumbukumbu ya ubatizo wake New Orleans, iliyosema alizaliwa 4 Agosti 1901. Kwa mtoto maskini mweusi wa wakati ule, aliyelelewa bila mtu wa kumsomea makaratasi, kuchukua 4 Julai hakukuwa udanganyifu. Wengi wasiojua siku zao walifanya hivyo. Ukimhamisha kwenye orodha yako, atakutana na Barack Obama, aliyezaliwa 4 Agosti 1961, miaka 60 kamili baadaye.

Stalin ni kisa cha aina nyingine. Daftari la kanisa linasema 18 Desemba 1878 kwa kalenda mpya, lakini siku iliyoadhimishwa kitaifa ilikuwa 21 Desemba 1879. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiandika tarehe ya baadaye.

Kwa nini watu wengi wameandikwa 1 Januari?

Kwa sababu fomu inalazimisha tarehe kamili hata pale mtu anapojua mwaka tu. Karani huandika 1 Januari. Ndivyo ilivyo kwa wakimbizi na wahamiaji wengi, na kwa vizazi vilivyozaliwa kabla ya uandikishaji kuenea. Ukiikuta 1 Januari kwa mtu asiye na kumbukumbu nyingine, iandike "mwaka fulani" na uache siku wazi. Ni heshima zaidi kwake kuliko kumpa siku ya karani.

Na ukiona 1 Januari 1970 kwenye hifadhidata, shuku zaidi. Kompyuta nyingi huanza kuhesabu muda kutoka hapo, na nafasi iliyoachwa tupu hugeuka kuwa tarehe hiyo. Amerika hutokea kama 31 Desemba 1969.

## Maswali ya pembeni

Waliozaliwa 29 Februari huwekwa wapi?

Kwenye 29 Februari yao, hata kama orodha inafunguliwa mara moja kwa miaka minne. Kisheria nchi hutofautiana: Uingereza huhesabu mtu ametimiza umri 1 Machi katika mwaka mfupi, New Zealand 28 Februari.

Mtunzi wa opera Gioachino Rossini alizaliwa 29 Februari 1792. Alipata siku yake 1796, kisha ikabidi angoje hadi 1804, kwa maana miaka ya karne huwa mirefu pale tu inapogawanyika kwa 400. Ndiyo sababu 1800 na 1900 ilikuwa mifupi, 2000 ukawa mrefu, na 2100 utakuwa mfupi. Siku hii haikosi uzito wake: 29 Februari 1940 Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar.

Nimeona 30 Februari mahali. Ni kosa?

Kama ni Uswidi mwaka 1712, si kosa. Waswidi walikuwa wamejaribu kuhamia kalenda mpya polepole, wakavurugikiwa, na ili warudi kwenye ya Juliasi wakaongeza siku moja. Kwingineko kote ni kosa.

Siku yangu ya kuzaliwa itarudi lini kwenye siku ile ile ya wiki?

Baada ya miaka 5, 6 au 11, kutegemea miaka mirefu imekaa wapi. Kwa wa 29 Februari ni miaka 28.

Kuna tarehe ambazo hakuna aliyezaliwa kabisa?

Zipo, kwa nchi fulani. Hispania haina 5 hadi 14 Oktoba 1582. Teresa wa Ávila, mtakatifu wa Kikatoliki wa huko, alifariki usiku wa tarehe 4, usiku uliokuchea tarehe 15, na sikukuu yake imewekwa 15 Oktoba. Uingereza haina 3 hadi 13 Septemba 1752. Urusi haina 1 hadi 13 Februari 1918. Samoa haina 30 Desemba 2011: ilihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe ili iende sambamba na Australia na New Zealand, watu wakalala Alhamisi tarehe 29 na kuamka Jumamosi tarehe 31.

Kwa hiyo orodha ikikuonyesha mtu aliyezaliwa London 8 Septemba 1752, ama mwaka si huo, ama mji si huo, ama kuna aliyemgeuza kutoka Juliasi: 8 Septemba ya kalenda mpya ndiyo 28 Agosti ya Waingereza wa siku zile. Tafuta daftari la ubatizo kabla ya kumwongeza.